Nataka kuhama Windows niende MacBook, niko Mwanza. Nichukue ipi na niogope nini?

#1 BintiPasiansi
Habari wakuu. Naenda moja kwa moja.

Napiga picha na video za harusi na sendofu hapa mjini, na visiwani nikiitwa. Upande wa pili nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi la baba mdogo, Nyakato, kwa Tally, ile programu ya uhasibu. Mashine yangu ni Dell, i5 ya kizazi cha sita, RAM 8, Windows 10. Nikiweka video ya sherehe feni inanguruma mpaka mteja aliyekaa pembeni anauliza kama inataka kulipuka. Na kila nikiiwasha inanikumbusha kwamba muda wa Windows 10 umeisha. Windows 11 imekataa kuingia, inasema prosesa haifai.

Bajeti ni milioni moja na nusu, haisogei. Kuna kaka ameniletea MacBook Air mbili za mtumba nichague: ya 2017, na ya M1, ile yenye chipu ya Apple wenyewe, RAM 8 na diski ya SSD 256. Ya 2017 bei yake ni karibu nusu ya mwenzake. Mac sijawahi kuimiliki, nimewahi kuazima tu.

Nichukue ipi? Tally itakuwaje? Halafu ile M1 nilipoishika ikiwa kwenye chaji ilinisisimua, kama kitu kinatambaa chini ya kiganja. Ni mbovu?

#2 SatoWaKuchoma
Nimeweka kiti mbele kabisa. Ngoja waje wenye Mac zao.

#3 NgoshaHalisi
Mkuu chukua ya 2017, hela inayobaki ongeza RAM. Mac ni Mac tu. Virusi utavisahau, Mac haishiki virusi. Tally unaweka Windows humo humo kwa Boot Camp, programu ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, kazi inaendelea. Hao wa M1 wanalipia jina.

#4 FundiKandaYaZiwa
NgoshaHalisi amesema: "chukua ya 2017, hela inayobaki ongeza RAM"

Ngosha, unampoteza mtu na hela yake. RAM ya Air imechomelewa kwenye bodi, iwe ya 2017 au ya juzi. MacBook za mwisho unazofungua na kubadili RAM ni zile Pro nene za 2012 zenye sehemu ya kuingiza CD. SSD ya Air 2017 inatoka, hiyo nakupa, ila inataka ya umbo lake, si yoyote unayoikuta kabatini.

Kubwa zaidi: Air ya 2017 inaishia macOS Monterey, toleo la 2021. Hapo haipandi tena kwa njia rasmi. Na Apple wameshasema toleo la Tahoe lililotoka Septemba 2025 ndilo la mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel, tena hata hilo linaingia kwenye Intel chache tu. Dada anakimbia Windows iliyoisha muda, wewe unamuuzia Mac iliyoisha muda.

Boot Camp ipo kwenye Intel pekee. M1 haina.

Virusi vipo. Mac zinazokuja mezani kwangu zimejaa takataka karibu zote zilianzia mahali pamoja: mtu alipakua Photoshop ya kukraki, mashine ikamwonya, akalazimisha, akaandika nywila yake mwenyewe.

#5 NgoshaHalisi
Sawa fundi, ila punguza sauti.

#6 MsukumaAsiyeNaNgombe
Milioni moja na nusu kwa kitu hakina hata tundu la fleshi. Mimi naongeza kidogo nanunua injini ya mtumbwi, inaniletea dagaa kila usiku.

#7 SatoWaKuchoma
Na ng'ombe huna pia, jina lako linasema.

#8 MhasibuMabatini
Mwangaluka dada. Watu wataongea M1 mpaka kesho, mimi naongelea Tally kwa sababu ndiyo itakayokuumiza.

Tally hawana toleo la Mac. Kwa hiyo ukiwa na M1 utaweka Windows ndani ya Mac kwa programu kama Parallels, ya kulipia, au VMware Fusion, ambayo tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu. Windows inayoingia humo ni ile ya ARM, yaani ya prosesa za aina ya hiyo M1. Yenyewe inaweza kuendesha programu nyingi za Windows ya kawaida kwa kutafsiri ndani kwa ndani, na Tally inafunguka, nimeiona kwa mteja wangu mmoja. Shida inaanza kwenye vifaa. Printa ya zamani, mashine ya risiti, kifaa chochote kinachotegemea draiva yake ya miaka ile, hapo unaweza kulia, kwa sababu draiva lazima iwe imeandikwa kwa ARM. Pia zile RAM 8 sasa zinagawanywa na mifumo miwili kwa wakati mmoja.

Mimi ningekuwa wewe, Dell isiuzwe. Ipeleke dukani Nyakato, ikae mezani kwa baba mdogo, iwe ya Tally tu, kusiwe na YouTube, wala mtu wa kuchomeka simu yake humo. Ukiwa nyumbani Pasiansi unaingia kwa AnyDesk kutoka kwenye Mac, unaona skrini ya Dell, unaandika vocha zako za hesabu. Kila jioni nakala ya data iingie kwenye fleshi na fleshi itoke dukani.

Excel ipo kwenye Mac, ila kama baba mdogo ana mafaili ya Power Pivot, ile nyongeza ya Excel ya kuchambua data nyingi, hayatakwenda. Makro za kawaida, zile amri za kurudia kazi zenyewe, nyingi zinakubali.

#9 KijanaCapripoint
MhasibuMabatini amesema: "Dell isiuzwe. Ipeleke dukani"

Mhasibu nakuheshimu, ila Windows 10 bila viraka vya usalama, iko kwenye intaneti, ina vitabu vya duka zima, halafu unaifungulia mlango wa AnyDesk? Huo ni mwaliko.

#10 MhasibuMabatini
Kijana, Windows 10 iliisha rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft walitoa mwaka mmoja wa ziada wa viraka kwa watumiaji wa kawaida, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa kujiandikisha kwenye mipangilio. Ajiandikishe. AnyDesk aweke nywila ndefu na aruhusu mashine yake moja tu. Muda huo ukiisha duka linunue kompyuta ya mezani ya mtumba ya kizazi cha nane au zaidi, hiyo Windows 11 inaingia, na hiyo ni gharama ya duka, si yake. Baba mdogo asilelewe.

#11 BintiPasiansi
Asante mzee Mhasibu. Hiyo ya kuiacha Dell dukani sikuiwaza, nilikuwa naihesabia kwenye bajeti kama ya kuuza.

Na ya mkono kusisimka?

#12 NansioMjini
Nawasalimu kutoka Ukerewe. Mtanicheka lakini nasema: ukiishi karibu na maji, chukua isiyo na feni.

Nilikuwa na MacBook Pro ya Intel. Kwangu dirisha linaangalia ziwa. Mnajua vile vijidudu vinavyopanda kama moshi mweusi juu ya maji, vikitua kwenye taa asubuhi unazoa kwa ufagio. Mimi usiku nafanya kazi taa imewaka. Mashine ikaanza kuchemka, ikawa inapunguza kasi yenyewe, mshale unakwenda kwa kusuasua. Fundi alipotoa kile kifuniko cha chini tukakuta feni zote mbili zimefungwa bandeji ya vijidudu vilivyokauka na kusagika, rangi ya majani ya chai, vimeshikana na vumbi mpaka mapezi ya kupoza joto hayaonekani. Alitoa kwa mswaki na spiriti. Harufu yake ilikuwa ya dagaa walioachwa juani.

Air ya M1 haina feni kabisa. Hakuna kinachovuta hewa, hakuna kinachovuta mdudu.

#13 FundiKandaYaZiwa
Air ya 2017 ina feni, dada zingatia. Ila Nansio, kilichoua kasi si wadudu peke yao. Mashine za Intel za umri ule ile dawa ya joto kati ya prosesa na chuma inakuwa imekauka kama chokaa. Alipokusafishia nina hakika alibadilisha na hiyo.

#14 NansioMjini
Hakubadilisha. Alisafisha tu, ikapona.

#15 IgomaKwetu
Mimi siishi ziwani, niko Igoma, na yangu ilikuwa vilevile, ndani vumbi la barabara tupu. Kwa hiyo si wadudu, ni vumbi.

#16 SatoWaKuchoma
Kila mtu na mdudu wa kwao.

#17 MamaMapachaBuhongwa
Jamani mtu amwambie huyu binti jambo la maana kabla hajatoa hela. Kuna kulokiwa.

Mimi nilinunua MacBook ya M1 kwa mtu, nzuri, inang'aa, nikatumia miezi bila tatizo. Siku moja nikaamua kuifuta yote ianze upya kwa sababu wanangu walijaza michezo. Ilipowaka ikaomba Wi-Fi, nikaweka. Hapo hapo ukurasa ukatokea unasema mashine hii inasimamiwa kwa mbali na taasisi, jina la shule ya ng'ambo limeandikwa wazi, weka jina la mtumiaji na nywila ya shule. Shule yenyewe siijui iko bara gani. Muuzaji akasema yeye aliniuzia ikiwa nzima, na kweli iliwaka nzima. Mpaka leo iko kabatini.

#18 BintiPasiansi
Mama pole sana. Sasa kwa nini ilikubali miezi yote ile?

#19 KijanaCapripoint
Ni ya wizi hiyo. Shule wamegundua imeibiwa wakaifunga.

#20 FundiKandaYaZiwa
Si lazima iwe ya wizi. Shule na makampuni ya nje wanaposajili Mac zao kwenye mfumo wa usimamizi, usajili unakaa kwa Apple, umefungwa kwenye namba ya mashine. Ukifuta diski haufutiki. Wauzaji wanajua: wanaiwasha mara ya kwanza bila intaneti, wanatengeneza akaunti, inaonekana safi. Siku ukiifuta na kuunganisha mtandao, inauliza kwao. Mara nyingi mashine imeuzwa kihalali kwenye mnada wa vifaa chakavu, mtu wa ofisini hakuitoa kwenye orodha tu.

#21 AjuzaWaKirumba
Kuna namna ya tatu. Mashine za kukodi. Kampuni inakodisha wafanyakazi wake, mtu anaacha kazi anaondoka nayo, anaiuza kwa jirani, jirani anaipakia kwenye kontena. Hapo ni wizi au si wizi? Mwanangu yuko huko kwenye kazi hizo ananiambia yapo.

#22 KijanaCapripoint
Bibi hiyo ni wizi.

#23 AjuzaWaKirumba
Wizi wa kistaarabu basi.

#24 FundiKandaYaZiwa
Vyovyote iwavyo, BintiPasiansi fanya hivi. Usikubali kuonyeshwa imewaka. Mwambie muuzaji aingie kwenye mipangilio, achague kufuta kila kitu, mbele yako. Ikianza upya iunganishe na hotispoti ya simu YAKO, si yake, halafu endelea hatua kwa hatua mpaka unatengeneza jina lako la kuingilia. Ikikudai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, imelokiwa kwa mwenyewe. Ikitaja shule, kampuni, hospitali, ni ile ya Mama Mapacha. Zote mbili rudisha, usishawishiwe na maneno ya "nitakutolea baadaye".

Ukishaingia, bonyeza alama ya tufaha ukiwa umeshikilia Option, ingia kwenye taarifa za mfumo, sehemu ya umeme, utaona idadi ya mizunguko ya betri. Air hizi zimepimwa mizunguko 1000. Ikiwa imeshafika huko, toa bei ya betri mpya kwenye bei yake. Bonyeza kila kitufe. Fungua ukurasa mweupe mtupu uangalie kioo kama kina mistari. Kioo cha Air kikivunjika, kupona kwake ni nusu ya mashine.

Muuzaji akikataa kufuta, umeshapata jibu lako.

#25 NgoshaHalisi
Muuzaji mwenye heshima zake hawezi kufuta mashine kwa kila mpita njia.

#26 MamaMapachaBuhongwa
Atafuta. Mimi ningemfutisha mara mbili.

#27 MzeeWaWaya
Nimeona watu wamekimbia swali la umeme. Mimi ni fundi wa nyumba, si wa kompyuta.

Binti, hiyo si Mac mbovu, ni nyumba. Mwanza tumejenga juu ya mawe. Ukienda hizi nyumba za mlimani, ethi rodi inayotakiwa izame ardhini imegonga jiwe futi moja chini, fundi akaikata kwa msumeno, akamwaga udongo juu, akakusanya hela yake. Kwenye soketi pini ya tatu ipo lakini haiendi popote. Umeme mdogo unaovuja kwenye chaja unakosa pa kwenda, unakuja kwenye chuma, wewe ndiye ethi. Plastiki ya Dell inakuficha, chuma cha Mac kinakusema.

#28 FundiKandaYaZiwa
Mzee shikamoo. Nakubali nusu. Hata nyumba iwe na ethi ya ikulu, chaja ya dada nina uhakika ni ya pini mbili za Kimarekani imechomekwa kwenye adapta. Pini mbili haina ethi tangu kiwandani. Ndani ya chaja kuna kipasita kinachopitisha umeme kidogo mno kwenda upande wa mashine, ndivyo zilivyoundwa, ndio huo unaousikia. Haui. Atafute ule waya mrefu wa chaja wa pini tatu, wengi wanasema ukiutumia msisimko unakwisha.

#29 BintiPasiansi
Ni kweli ni ya pini mbili, ina adapta nyeupe. Na nilikuwa peku, sakafu ya saruji.

#30 MzeeWaWaya
Marahaba. Umeona? Peku kwenye saruji. Ethi ni wewe.

#31 IgomaKwetu
Mimi nina waya wa pini tatu na bado inanisisimua. Na Igoma kwangu ni tambarare, rodi imezama yote niliona kwa macho yangu.

#32 KijanaCapripoint
Chaja yako feki basi. Chaja halisi ni nzito, feki ni nyepesi kama kiberiti.

#33 IgomaKwetu
Imekuja na mashine kwenye boksi lake kutoka Uingereza. Nimeipima kwa mizani ya sukari au?

#34 NansioMjini
Unyevu. Huku kisiwani msimu wa mvua inasisimua, kiangazi hapana.

#35 MzeeWaWaya
Unyevu kwenye ngozi yako, sawa. Lakini umeme umetoka wapi? Rudini kwenye ethi.

#36 MwalimuSengerema
Heri ya jioni. Nimeuona uzi nikiwa njiani kurudi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nakuja mjini na kurudi siku hiyo hiyo, zamani ningekuwa bado kwenye foleni ya kivuko nauziwa mahindi. Wabeja waliolijenga.

Mimi nilihama Windows, na hakuna aliyeniambia haya, nikayajua kwa kuvunja vidole. Kazi ya Control sasa inafanywa na Command, iko pembeni ya kitufe kirefu cha nafasi, unaibonyeza kwa dole gumba. Kunakili, kubandika, kuhifadhi, vyote Command. Kitufe kilichoandikwa delete kinafuta kurudi nyuma. Ukitaka kufuta kilicho mbele ya mshale, shika fn pamoja na delete.

Ukifunga dirisha kwa kile kidoti chekundu programu haijafa, iko hai chini kwenye mstari wa aikoni inakula RAM. Kuiua ni Command na Q. Watu wengi wanaolalamika Mac yao nzito ukiangalia chini kuna nukta kumi zinawaka.

Kwenye mafaili, ukibonyeza Enter juu ya faili haifunguki, inakuambia ibadili jina. Mimi nilibadili majina ya mitihani ya kidato cha nne bila kujua, faili moja likaitwa "jjjj". Kufungua ni Command na O. Kuhamisha faili huwezi kulikata: unalinakili kwa Command C, ukifika unakokwenda unabonyeza Command, Option na V, linahama.

Kupiga picha ya skrini, Command, Shift na 4, unavuta eneo unalotaka. Kutafuta chochote, Command na kitufe cha nafasi. Kwenye Excel, F2 ya kuhariri seli jaribu Control na U, na F4 ya kuweka alama za dola ni Command na T. Hiyo ya mwisho nilitaka kurudi Windows kwa ajili yake.

#37 MhasibuMabatini
Mwalimu hiyo ya Command T umeniokoa, nilikuwa naandika alama za dola kwa mkono kama mtoto.

#38 MsukumaAsiyeNaNgombe
Kwa hiyo mnahamia mashine ghali ili mjifunze kuandika upya. Hongereni.

#39 BwiruMashariki
Wakuu mmesahau kazi yake ni video. RAM 8 kwa video ni kujidanganya, asubiri akusanye ya 16. Tangu Oktoba 2024 Apple wenyewe waliacha kuuza Air mpya ya 8, wakaanzia 16. Wao wenyewe wamekiri.

#40 KijanaCapripoint
Bwiru, M1 ilitoka 2019 na watu wanahariri filamu nayo mpaka leo.

#41 FundiKandaYaZiwa
Novemba 2020, si 2019. Ya 2019 ni Intel na ina kile kibodi cha vipepeo kinachokwama herufi. Binti, ukiona mtu anakuuzia "M1 ya 2019" kimbia.

#42 BwiruMashariki
Mwaka wowote. RAM ikijaa mashine inaanza kutumia SSD kama RAM, inaandika na kufuta usiku kucha. SSD ya M1 nayo imechomelewa kwenye bodi. Siku ikichoka, bodi nzima.

#43 PichaNaVideoKitangiri
Mimi ndiye niko kwenye kazi hii hii ya harusi na ninatumia Air M1 ya 8, niongee.

Ndani ya chipu ya M1 kuna sehemu maalumu ya kusoma video za mifumo ya H.264 na HEVC, ndizo kamera zetu nyingi zinazotoa. Ndiyo maana mashine ndogo hii inacheza video iliyokuwa inaisimamisha i5 yangu. Kuhariri naitumia DaVinci Resolve ya bure. Final Cut, ya Apple wenyewe, ukitaka ni ya kulipia.

Sherehe ya kamera moja, 1080, hata haijui kama inafanya kazi. Kamera tatu za 4K na rangi juu yake, hapo RAM 8 unaiona: kidole kinasubiri picha. Natengeneza nakala nyepesi za video kwanza, nahariri hizo, mwishoni ndiyo inarudi kwenye zile nzito. Wakati wa kutoa kazi ya mwisho nafunga kila kitu, mpaka kivinjari. Ikiwa juani au juu ya kitanda inachemka na kupunguza kasi, haina feni. Iweke kwenye meza.

Kinachonibana mimi ni SSD ya 256, wala si RAM. Sherehe mbili imejaa. Nunua SSD ya nje, hariri moja kwa moja kutoka humo.

Na kuna jambo moja watu hawalisemi: umeme ukikatika katikati ya kazi naendelea, na pawabenki ya wati 30 na zaidi yenye tundu la USB-C inaichaji. Kwa i5 yangu umeme ukienda nilikuwa nafunga ofisi naenda kunywa chai.

#44 BwiruMashariki
Kwa hiyo umekiri unafunga mpaka kivinjari. Asubiri ya 16.

#45 PichaNaVideoKitangiri
Akisubiri, sendofu za mwezi huu atahariri kwa nini? Kwa ile inayonguruma?

#46 BintiPasiansi
Kaka wa Kitangiri asante. Diski zangu za nje zote mbili zina kazi za wateja kutoka Windows. Nikizichomeka zitafunguka?

#47 PichaNaVideoKitangiri
Zitafunguka, utasoma, utanakili kutoka, ila kuandika ndani yake itagoma. Hiyo ni NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, Mac inaisoma tu. Wateja wangu wanadhani diski imekufa. Hamisha kazi zote kwanza, halafu iformati iwe exFAT, hiyo pande zote mbili zinaandika, na haina kikwazo cha FAT32 cha faili kutozidi GB 4.

#48 FundiKandaYaZiwa
Ongezea: exFAT ukiichomoa bila kuitoa kwanza, au umeme ukikatika inaandika, inaharibika kirahisi. Diski ya kazi ya kila siku iwe ya mfumo wa Mac wenyewe, APFS. exFAT ibaki ya kumpelekea mteja.

#49 PichaNaVideoKitangiri
Ninazo exFAT tupu na sijawahi kupoteza harusi ya mtu.

#50 FundiKandaYaZiwa
Bado.

#51 BintiPasiansi
Nimempigia muuzaji, nikamwambia aifute M1 mbele yangu na hotispoti yangu. Alikaa kimya kidogo, akasema kwani kuna nini. Nikamwambia kuna Mama Mapacha. Amesema kesho saa nne.

#52 MamaMapachaBuhongwa
Nenda na mtu.

#53 WaHizoMashine
Mimi ndiye muuzaji, nimetumiwa huu uzi na rafiki. Nilinyamaza kwenye simu kwa sababu nilikuwa kwenye bodaboda, si kwa sababu ya wizi. Dada njoo kesho ufute mpaka uchoke. Chaja ya pini tatu nitakupa, usiseme tena mashine yangu inapiga shoti. Ile ya 2017 imeshachukuliwa jioni hii, tusiulizane.

#54 SatoWaKuchoma
Nani kaibeba hiyo?

#55 MzeeWaWaya
Hata ukipewa pini tatu, mwite fundi apime ethi ya nyumba. Nasema tena.

#56 IgomaKwetu
Yangu imepimwa mzee.

#57 NgoshaHalisi
Wakuu, nauliza kwa niaba ya rafiki. Boot Camp inataka fleshi ya ukubwa gani?

#58 SatoWaKuchoma
Rafiki huyo anakaa nyumba moja na wewe?

#59 FundiKandaYaZiwa
Air ya 2017 haihitaji fleshi, Ngosha. Pakua faili ya Windows 10, fungua Boot Camp, iachie nafasi ya kutosha kwenye diski, fuata inavyokuambia. Na usiguse RAM.